Maji Kabla ya Siki

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kile kigoda chako cha mlangoni, mzima, miguu haijavimba, na kuna mtu unamsema. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameota jino la pili na analijaribu kwa kila kitu, hata bega langu. Mwenzangu anakusalimu sana. Kifua changu kimetulia, tangu mvua ziishe sijabanwa hata mara moja, kwa hiyo usianze kuniuliza.

Bado tuko kwenye vile vyumba viwili, na jiko ambalo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mama mwenye nyumba naye ametuwekea sheria mpya. Uani hakuna kufua mazulia, hakuna kuchoma kitu, hakuna kupaka wala kutia rangi chochote. Mpangaji wa chumba cha nyuma alipaka kitanda rangi, ikamwagika kwenye sakafu, na sasa sote tumekuwa watuhumiwa.

Nije kwenye jambo lenyewe. Kazini kwa mwenzangu wamebadilisha rangi ya sare. Ana mashati sita ya buluu ya mbingu, pamba tupu, hata kola hazijachakaa. Sasa wanataka kahawia iliyokolea, kila mtu ajitafutie, na kabla ya katikati ya mwezi wa tatu. Kununua mapya sita kwa mpigo hatuwezi. Nikasema, mimi niliyekulia nyumba iliyokuwa ikitia rangi vitambaa vya mtaa mzima, nishindwe na mashati?

Lakini ukweli ni kwamba sijui. Wewe na Mama mlikuwa mkinifukuza kwenye beseni zenu kama kuku. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji tu, nikizunguka na ile kata ya kuchotea mkononi hadi ukaniita Kata, na jina likaganda. Naomba uniandikie namna ya kuitoa rangi ya zamani na kutia mpya, hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu. Wamemwambia wazi kwamba akifika na shati lisilo sawa, ataishia getini. Sipendi anavyokaa siku hizi akiyatazama hayo mashati. Tafadhali usikawie.

Barua uitume kwa sanduku la kampuni, lile lile.

Karibu nisahau. Wewe bado unatia rangi? Umepata mtu wa kukusaidia tangu Mama atutoke?

Wako,
Kata


17 Februari

Kata mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa niaba ya mwenye jino. Mwache ang'ate. Wewe uliwang'ata watu ukoo mzima na hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima. Miguu huvimba inapojisikia, tumezoeana. Kigoda kimevunjika mguu mmoja, nimekiegemeza ukutani na ninakaa upande, kwa hiyo wapita njia wanadhani nachungulia ya watu. Wako sahihi.

Kazi inaendelea. Wateja hawakosekani.

Nimefurahi mkwe wangu bado yuko palepale kwenye kampuni ya mabasi. Nimemsifia kwa jirani yangu, fundi cherehani, hadi akanuna, maana mkwe wake yeye hubadilisha kazi kila akipiga chafya. Ukaguzi wa tiketi ni kazi ya heshima. Hata mbabe wa mtaa akimwona mkaguzi anapekua mifuko yake kwa adabu.

Haya, soma taratibu.

Kwanza hakikisha ni pamba kweli. Chomoa uzi ndani ya pindo, uuchome. Ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu, ni nailoni, achana nao. Kisha yafue mashati kwa sabuni, litoke jasho lote la mabasi.

Tafuta beseni la plastiki. La bati usitumie, klorini italila. Maji yawe baridi, na kwa kila ndoo utie klorini kikombe kimoja cha chai. Vaa glavu. Tumbukiza shati mojamoja, uligeuze kwa mti, wala usiliache ukaenda kupiga soga. Buluu itachujuka polepole, mwisho shati litakuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Hapo litoe upesi. Ukilizidishia litapendeza leo na wiki ijayo litachanika mgongoni mtu akiinama.

Pembeni uwe na beseni la pili, siki na maji ya moto. Shati likitoka kwenye klorini, litie kwenye siki, likae hadi ile harufu ife. Hiyo ndiyo siri ya nyumba yetu. Wengi hawatumii siki, klorini inaendelea kula kitambaa chinichini na rangi mpya haishiki. Siki usiionee huruma, mimina.

Baada ya hapo ni sufuria kubwa. Poda ya kahawia ikoroge kwanza na maji kidogo hadi mabonge yaishe, ongeza maji ya moto na viganja viwili vya chumvi. Mashati yaingie yakiwa mabichi. Koroga hadi mkono ukulaani, magadi yaje mwishoni, kisha yaache yapoe humohumo. Kahawia ikiwa mbichi huonekana nyeusi, usije ukalia.

Ndiyo hayo, hatua kwa hatua, sijaruka kitu. Kazi hii naweza kuifanya nimefumba macho.

Nisalimie mkwe. Mwambie hizo tiketi aendelee kuzitoboa vizuri.

Ni mimi,
Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na miguu, na pole na kigoda. Barua yako ilizunguka kidogo lakini imefika, na nimeisoma hadi naweza kuighani. Mtoto hajambo, ingawa anakohoa kidogo. Mwenzangu hajambo pia. Hali chakula sana, anasema ni joto.

Nimekusanya kila kitu. Klorini ninayo, siki ninayo chupa tatu kubwa, poda, chumvi na magadi vipo chini ya kitanda, nimevifunika kwa shuka mama mwenye nyumba asije akaona. Uzi nimeuchoma, ni pamba.

Jumamosi ijayo mama mwenye nyumba anakwenda kumtembelea dada yake, atarudi jioni. Nitafanya siku hiyo. Uani siwezi, yule mpangaji wa nyuma amegeuka mpelelezi ili naye asamehewe. Kwa hiyo nitafanyia ndani ya jiko. Mwenzangu atamchukua mtoto watembee, mimi nitafunga mlango na dirisha, na chini ya mlango nitaziba kwa gunia, ili harufu isitoke. Jumatatu yake mwenzangu anatakiwa aonekane na kahawia. Nikiyaharibu hakuna mengine.

Kuna kitu kingine. Umenieleza habari za klorini hadi mwisho, lakini nilipokuuliza nani anakusaidia hukujibu. Na Mama hukumtaja popote. Si neno, ila nimeona.

Usipopata barua yangu haraka, ujue nakoroga.

Wako,
Kata


5 Machi

Kata,

Leo sikusalimu. Nitakusalimu nikijua ni mzima.

Usifanye kama nilivyokuandikia. Kama hujaanza, usianze. Kati ya klorini na siki kuna maji. Shati likitoka kwenye klorini lisuuze kwenye maji safi, ukamue, umwage, usuuze tena na tena, hadi pasibaki hata chembe ya klorini. Ndipo liende kwenye siki, si kabla. Klorini na siki vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Nenda uani, mama mwenye nyumba na afanye atakalo, akufukuze, utakuja kukaa kwangu.

Sasa nikwambie nilivyojua, maana utashangaa mtu anayesema kazi inaendelea anasahauje kitu kama hicho.

Kazi haiendelei, Kata. Tangu mama yako afariki sijagusa rangi. Beseni zote nilizipanga chumba cha uani, nikazifunika. Wateja walikuja, nikawaambia poda imeadimika, wakachoka kuja. Nilikuandikia vile kwa sababu sikutaka unihurumie kwa barua.

Ila baada ya kukuandikia zile hatua mikono ilianza kuniwasha. Jana fundi cherehani akaniletea pazia lake kuukuu la kijani, anataka liwe jekundu. Nikalichukua. Nikatoa beseni, nikachanganya klorini, nikapasha maji ya siki, nikakaa mahali pangu pa siku zote. Pazia likachujuka vizuri kabisa. Nikalitoa, nikanyoosha mkono wa kushoto bila kugeuka. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote. Mimi natoa, nampa wifi yangu kushoto, yeye anafanya mambo yake huko, ananirudishia kulia, mimi natia kwenye siki. Midomo yetu ilikuwa inasengenya muda wote, mikono inajiendea yenyewe.

Mkono ukabaki hewani. Hakuna aliyepokea. Nikaona aibu, nikatazama kama kuna mtu ameniona, kisha nikalitumbukiza pazia kwenye siki mwenyewe.

Nilikuwa nje, Kata, upepo unapita. Bado ilinikaba kama mtu ameniingizia kitambaa kooni. Macho yaliungua, kifua kikakataa kufunguka. Nilikimbia kwa miguu hii hii, nikaanguka mlangoni kwa fundi cherehani, akanipepea na kipande cha kanzu ya mteja. Pumzi iliporudi, kitu cha kwanza kilichonijia ni barua yangu. Niliandika sijaruka kitu. Nilikuwa nimeruka kazi yote ya mama yako.

Na wewe una pumu.

Nimetoka posta asubuhi hii hii kupiga telegramu, itakufikia kabla ya barua. Nimeandika: USITIE SIKI. SUUZA KWANZA. HEWA YAKE INAUA. SHANGAZI. Karani aliisoma akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia bado.

Jibu siku hiyohiyo utakayoipata. Neno moja linatosha.

Shangazi yako


14 Machi

Kata mwanangu,

Sijapata jibu la telegramu. Leo nimepata barua yako ya tarehe 2, uliyoiandika kabla ya kujua lolote. Kwamba utafunga mlango. Kwamba utafunga dirisha. Kwamba utaweka gunia.

Ile Jumamosi imekwisha pita. Nimeisoma barua hii nikiwa nimesimama palepale kaunta ya posta, karani akaniletea kiti. Nimemuuliza telegramu hukaa muda gani njiani, akasema ilifika kwenye sanduku siku ileile. Kama ilifika kwenye sanduku basi mkwe aliichukua, na kama aliichukua ulisoma, na kama ulisoma hukutia siki. Hesabu hii nimeifanya njia nzima kurudi nyumbani, na kila nikifika mwisho naona haijakamilika, maana mtu aliyesoma angejibu.

Nimejaribu simu. Karani alinitafutia nambari ya kampuni ya mabasi, akaniachia niongee mwenyewe. Inaita tu. Nimerudi mchana, inaita tu. Kampuni gani ya mabasi haipokei simu? Abiria wanaulizia wapi mizigo yao iliyopotea?

Ningepanda gari nije. Lakini nitashuka wapi, nimuulize nani? Miaka yote hii umekuwa ukiniandikia habari za jiko na mama mwenye nyumba, na mtaa sikuwahi kukuuliza. Nina anwani ya sanduku tu, na sanduku halina mlango wa kubisha.

Kama umekasirika kwa kuwa sikumtaja mama yako, una haki, kasirika. Nitukane hata kwa barua, mimi nitaibusu. Ila iandike.

Shangazi


29 Machi

Kata,

Nimekonda. Fundi cherehani amenipunguzia gauni bila kuniuliza.

Kila siku napita posta na karani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, ili nisijisumbue kupanda ngazi. Ni mtu mwema, lakini siku hizi namchukia.

Mama yako nitamtaja sasa, ingawa nimechelewa. Nilidhani nikinyamaza kidonda kitapona. Alipoolewa na kaka yangu nilimwonea gere, kisha siku moja akaniona nahangaika na beseni peke yangu, akavuta kigoda akakaa kushoto kwangu bila kualikwa. Hakuondoka tena. Sikuwahi kumwambia asante, nilikuwa namwambia anamwaga maji mengi. Nikifikiria kwamba nilimsahau hadi kwenye barua, na kwamba kusahau huko ndiko kumekufuata wewe ndani ya jiko lililofungwa, siwezi kumaliza chakula.

Andika "nipo". Hata kama hutaki kunisemesha tena maisha yote.

Shangazi


20 Aprili

Shangazi yangu, Shangazi yangu,

Shikamoo. Nipo. Nipo mzima, mtoto mzima, baba yake mzima. Nimeianza barua kwa neno hilo ulilolitaka, sasa kaa chini ndipo uendelee. Kama kile kigoda bado hakijatengenezwa, kaa kitandani.

Barua zako tatu na telegramu nimezipata jana, zote kwa pamoja, zimefungwa kamba kama kuni. Na kosa ni langu. Nilikuambia sare zimebadilishwa kazini. Shangazi, kampuni ya mabasi imekufa. Ilifunga mwanzoni mwa mwaka, mabasi yakauzwa, lango likatiwa kufuli. Mwenzangu alikaa nyumbani akitazama dari hadi akapata nafasi ya majaribio kwenye ghala la mbao, kupokea mizigo. Kahawia ni ya ghala. Sikukuambia kwa sababu nilijua unavyomsifia, na yeye aliniomba, akasema tusubiri hadi apokelewe kabisa, ndipo habari mbaya na nzuri ziende pamoja. Barua yako ya kwanza ililetwa na karani wa zamani wa kampuni aliyekuwa akimalizia kufungasha. Nikadhani ataendelea kuleta. Kumbe naye alikwisha ondoka, na ufunguo wa sanduku ukabaki kwa mlinzi wa lango. Alikuwa akizitoa na kuziweka kibandani kwake, hajui pa kutupata. Juzi alikuja ghalani kununua mbao za banda la kuku, akamkuta mwenzangu.

Mimi huku nilikuwa nasema Shangazi amekasirika. Nimemgusa pale asipotaka kuguswa, ndiyo maana haandiki. Nilianza barua mara kadhaa nikazichana.

Telegramu niliisoma ya kwanza, nimesimama mlangoni. Nikakaa chini palepale, mama mwenye nyumba akaniruka kupita.

Kisha nikaitafuta barua yako ya hatua kwa hatua. Niliisoma mara nne nikitafuta neno "suuza". Ningeapa kwamba lipo. Halipo, Shangazi. Hukuliandika. Lakini nilisuuza.

Nitakueleza ilivyokuwa siku hiyo. Niliamka mama mwenye nyumba akiwa ameshatoka. Kabla sijagusa klorini, kabla hata sijatafuta glavu, nilichukua kata nikaenda bombani kuteka maji. Ndoo baada ya ndoo, hadi jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Mwenzangu akaniuliza maji yote hayo ni ya nini, barua imesema hivyo? Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa naamini kweli imesema. Kwangu mimi kutia rangi ndivyo kunavyoanza, mtu anateka maji.

Nikafunga mlango, dirisha na gunia, yote kama nilivyokuambia. Beseni la siki lilikuwa linatoa mvuke karibu na goti langu. Shati la kwanza lilipofika kwenye rangi ya maziwa yaliyolala nikalitoa, na mikono ikalipeleka kwenye maji. Sikufikiri. Nikasuuza, nikakamua, nikamwaga kwenye tundu la maji machafu pale pale jikoni, nikachota mengine kwa kata, nikasuuza tena, hadi nikaridhika. Ndipo nikalitia kwenye siki. Harufu ilinipanda puani kidogo, nikasema kumbe ndivyo ilivyo. Yote sita nilifanya hivyo. Hata sikukohoa.

Jana usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, nikimsikiliza mtoto anavyopumua na mimi mwenyewe ninavyopumua. Nalifikiria lile gunia chini ya mlango.

Sasa mashati. Kahawia imeshika, nzuri sana, sawasawa pande zote. Isipokuwa uzi wa kushonea. Uzi ulikuwa nailoni, nilichoma wa kitambaa, wa mshono sikuuchoma. Haukuchujuka wala haukushika. Kwa hiyo mkwe wako amekwenda ghalani na shati la kahawia lenye mistari ya buluu ya mbingu kila mahali, kola, mfuko, mabega, hadi vitundu vya vifungo. Nililia. Yeye akalivaa akasema hata akipotea kwenye mbao wataiona mishono. Msimamizi alimzunguka mara mbili akimkagua, mwenzangu akadhani ndiyo basi, kisha yule bwana akasema angalau huyu sitamchanganya na wengine. Wanamwita Mishono. Ameajiriwa rasmi wiki iliyopita.

Nisamehe kwa uongo wangu. Anwani ya ghala nimeiandika nyuma ya bahasha, na ya nyumba, na jina la mtaa, na rangi ya mlango.

Wako aliyepo,
Kata


28 Aprili

Kata mwanangu,

Marahaba. Marahaba za tangu mwezi wa tatu, zipokee zote.

Karani wa posta hakutikisa kichwa. Alishuka ngazi mwenyewe akiwa na bahasha mkononi, ameiacha foleni ya watu imesimama. Nilifungua mbele yake, nikasoma neno "nipo", nikashindwa kuendelea, akanisomea yeye. Alipofika kwenye Mishono foleni nzima ilicheka. Kwa hiyo mkwe anajulikana huku pia.

Habari ya uongo tusisumbuane. Wewe ulisema sare zimebadilishwa, mimi nikasema kazi inaendelea. Tumetoka sare. Ila ukinificha tena kitu nitakuja, sasa rangi ya mlango naijua. Mkwe mwambie nimemhamishia sifa zote ghalani, na fundi cherehani amenuna upya. Anasema pia mishono ile apewe yeye, ataifumua na kushona kwa uzi wa kahawia. Nimemkataza. Iacheni.

Nilivyosoma habari ya maji nilitoka nikakaa uani. Beseni la mama yako lilikuwa limeegemea ukuta, nikaligeuza nikaliweka kushoto kwangu, mahali pake, na sikuweza kufanya zaidi ya hapo. Nilikaa nalo tu hadi jua likanifikia miguuni. Nililia, Kata, sikuficha, hata fundi cherehani aliniona.

Lile pazia bado lipo. Limekauka likiwa la rangi ya uji, si jekundu wala si la kijani, na mwenyewe ananidai kila asubuhi. Nataka kulimaliza. Lakini nimekwama mahali.

Umeandika ulisuuza hadi ukaridhika. Uliridhikaje? Ulinusa? Uligusa? Ulitazama rangi ya maji? Mama yako alijuaje kwamba sasa imetosha, sasa amrudishie wifi yake? Miaka yote ile alikuwa anajua, na kitambaa hakikuwahi kunirudia kabla ya wakati wake, hata kimoja. Sikuwahi kumuuliza. Sikuwahi hata kugeuka kumtazama, nilikuwa nanyoosha mkono tu. Wewe ulikuwa umesimama mbele yake na kata yako, ulikuwa unamwona.

Niandikie kazi ya mama yako, tangu anapopokea kwangu hadi anaponirudishia. Iandike hatua kwa hatua, kama unamwandikia mtu asiyejua kitu.

Usiruke kitu.

Shangazi yako